Mguu Mmoja wa Kiti cha Baba

Mdogo wangu nilimfundisha useremala mwenyewe, hapa hapa Somanda, mjini Bariadi, na hilo ndilo linaloniuma. Randa ya kwanza aliyoishika ilikuwa yangu. Nilimfundisha kupima, kukata na kupiga msasa, ingawa msasa hakuupenda kamwe. Sehemu isiyoonekana anaiacha na vibanzi vyake hadi leo. Alipokomaa akafungua kibanda chake jirani na changu, akaanza vituko.

Viti gani vile, jamani! Kimoja kila mguu umevaa kiatu cha mbao, viwili vya kike, viwili vya kiume. Kingine cha watu wawili wanaopeana mgongo, akasema ni cha mke na mume waliogombana. Mimi nilikaa na makochi yangu ya mninga, yamenyooka, ya kurithisha wajukuu, nikitazama bodaboda zikisimama kwake. Watu walicheka, walipiga picha, wakaagiza. Wengine walitoka Mwanza, wananisalimia vizuri kabisa, halafu wananiuliza yule fundi wa viti vya kuchekesha yuko wapi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa jirani wa mdogo wangu.

Nilimwonea wivu, sifichi. Nilimwonea hadi ugali ukakosa ladha, mke wangu akadhani naumwa.

Sasa kule kijijini kwa wazazi, Nkololo, kigoda cha baba kikatafunwa na mchwa. Hicho ndicho alichokalia langoni mwa zizi kila jioni ng'ombe wakirudi, na kwetu kiti cha baba hakikaliwi na mtoto hata baba akiwa safarini. Akapiga simu kusema anataka kingine, na kwamba kiuno kinamsumbua. Hakusema nani alete. Lakini mimi ndiye mkubwa. Wateja wote mdogo wangu awachukue, sawa, ila pale langoni baba akae juu ya kazi ya mikono yangu. Nikamtengenezea kiti cha mninga chenye egemeo refu, hata dosari ya kusingiziwa hakina.

Mdogo wangu naye akatengeneza. Kiti cha ng'ombe! Miguu minne yenye kwato, egemeo la pembe zilizopinda, nyuma mkia wa katani. Akaniletea nimtunzie kwangu vanishi ikauke, kwa sababu bati lake linavuja. Akaniuliza kama baba atakipenda. Nikamwambia atacheka sana.

Jumapili alipokwenda kanisani nilikipindua. Nikachukua msumeno nikapunguza kwato moja, unene wa kidole tu. Sikutaka baba aanguke, Mungu anajua. Nilitaka kiti kiyumbe, baba akunje uso, aseme huyu bado hajajua kazi. Kisha, kwa mazoea ya mkono, nikapiga msasa pale nilipokata, nikapaka vanishi, nikakisimamisha kama nilivyokikuta.

Wiki hiyo tukavipeleka vyote viwili Nkololo, tukavishusha barazani kwenye sementi. Baba alianza na changu, kwa heshima ya ukubwa wangu. Alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Akasema ni kiti imara. Akainuka.

Akaenda kwenye ng'ombe, akakaa, kiti kikayumba na kugonga sakafu. Nikainamisha uso nisionekane ninavyofurahi. Kikagonga tena. Baba akaegemea zile pembe, halafu akaanza kujiyumbisha mwenyewe taratibu, huku na huku, uso ukamlegea. Akasema tangu mvua zianze kiuno chake hakijapata nafuu kama hii. Akamuuliza mdogo wangu amejuaje.

Mdogo wangu hakuelewa. Akamwomba baba asimame, akakipindua kiti mbele yetu sote. Kwato tatu zilikuwa na vibanzi chini, kama kawaida yake. Ya nne ilikuwa laini, inang'aa. Akaipitishia kidole gumba polepole, akaniangalia, nami nikajua amekwisha kujua.

"Baba, mguu huu ni kazi ya kaka," akasema.

Baba akanigeukia. "Wabeja, ng'wanawane," akanishukuru kwa Kisukuma, asante mwanangu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku niliyooa. Akasema mkubwa ni mkubwa, huyajua maumivu ya mzazi bila kuambiwa. Mama akanipigia vigelegele. Zilikuwa shukrani nilizozitaka tangu utotoni, na nilizipokea nimesimama pale bila kujua mikono niiweke wapi.

Wakati wa kuondoka mdogo wangu alinisogelea.

"Kaka," akasema, "yaani hata ukiniharibia kazi, unapiga msasa."

Akacheka kidogo, akapanda pikipiki. Afadhali angenizaba kofi. Njia nzima hadi Bariadi nilimwonea wivu upya, safari hii kwa huo moyo wake, na sijui nani alimfundisha, maana si mimi.

Kiti changu mama anawekea ndoo ya maji. Cha ng'ombe kiko langoni mwa zizi, juu ya ubao ambao baba ameutandika ili kiyumbe vizuri. Akija mgeni, kabla ya kumwonyesha pembe wala mkia, baba huinuka na kiuno chake hicho, akapindua kiti na kumwonyesha ule mguu mmoja. Humwambia huo ni wa mwanawe mkubwa.