Mustang ya Njoroge na Camaro Yangu

Enzi zetu gari lilikuwa kitu cha kusukuma kwa miguu yako mwenyewe. Ninyi mliokulia Ruiru miaka ya tisini mnajua ninachosema: waya mrefu mkononi, usukani juu yake, magurudumu ya ndara kuukuu za patipati, na mdomo wako ndio injini, gia na honi. Mate yakikauka, petroli imeisha. Nikimweleza mwanangu mambo haya hunitazama kwa huruma, kana kwamba nimemwambia nililelewa jela, kisha hurudi kwenye simu yake ambamo ana magari mia na hajawahi kutokwa jasho kwa hata moja.

Tuliishi upande wa Gitothua, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la kahawa. Baba yangu alikuwa karani wa mizani, mtu wa kalamu mfukoni na ukanda mpana kiunoni, na sisi watoto wake tuliujua ule ukanda kuliko tulivyoijua kalamu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi rafiki yangu Njoroge na wazazi wake. Baba yake, Mbugua, ambaye kambi nzima ilimwita Baba Njoroge, alikuwa mwanikaji. Kahawa ikishaoshwa hutandazwa juu ya meza ndefu za wavu wa waya ikauke, na yeye kutwa nzima alikuwa akiigeuza kwa viganja, akitoa mbovu, na mvua ikitisha anaifunika kwa karatasi za nailoni. Alikuwa mpole. Hakuwahi kutufukuza pale, alituomba tu tusikimbie karibu na meza.

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha bado ninayo puani. Wageni waliziba pua, sisi tulikula githeri katikati yake na hatukuona kitu. Jioni wasichana walicheza kati, wakikwepa mpira, sisi bano za kioo, na giza likianza kuingia sote tulicheza brikicho, kujificha na kutafutana, mpaka mama mmoja aite, kisha wote waite. Hakuna aliyekuwa na chochote, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nacho, hatukujua.

Kilichotutenganisha kilitoka Thika. Mjomba wangu alikuwa mhudumu katika hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania, na watalii wakiondoka walisahau magazeti vyumbani. Siku moja alituletea gazeti la magari la Kimarekani. Katikati yake kulikuwa na magari mawili yametazamana kama kondoo dume wanaotaka kupigana: Mustang na Camaro. Chini ya picha palichorwa nguzo mbili za rangi, na mjomba akatueleza kwamba nguzo hizo zinaonyesha lipi limenunuliwa zaidi. Alisema wenye viwanda vya magari hayo hawapatani hata kidogo. Huyu akiongeza nguvu ya injini, yule naye anaongeza, na huko Amerika kuna ndugu hawasalimiani kwa sababu mmoja alinunua hili na mwingine lile. Sisi, ambao magari tuliyoyajua ni pikapu za mboga na trekta la shamba, tuliona jambo hilo ni la busara kabisa.

Njoroge alichagua kwanza kwa sababu alikuwa amenishinda bano asubuhi hiyo. Alichukua Mustang. Ilikuwa na farasi mbele, na nguzo yake ilikuwa ndefu zaidi. Mimi nikabaki na Camaro, na tangu dakika ile nilikuwa na kinyongo.

Tukaanza kutengeneza na kuuza. Wateja wetu walikuwa watoto wa kambi na wale wa shuleni waliotoka mpaka Mwiki, na malipo yalikuwa bano, kipande cha muwa au nusu mandazi. Fremu tuliisuka kwa waya wa henga za nguo. Mabati ya pembeni yalikuwa pakiti za maziwa ya shule. Njoroge alipaka Mustang zake buluu kwa masalio ya dawa ya kunyunyizia kahawa, mimi nilipaka Camaro nyekundu kwa rangi ya sakafu ya mama. Kwenye ukuta wa nyuma wa choo cha kambi tulichora kwa makaa nguzo mbili kama zile za gazetini, na kila gari likiuzwa tulirefusha nguzo kwa upana wa kidole. Kambi iligawanyika. Walikuwepo watu wa Mustang na watu wa Camaro, na kwenye brikicho hawakufichana mahali pamoja. Hata mpishi wa shule alikuwa na upande wake.

Mama aliona mambo yalivyokuwa yakienda akanionya. "Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi," alisema. Nilidhani nyasi anazotaja ni patipati zake, kwa sababu nilikuwa nimezikata magurudumu.

Tatizo ni kwamba Njoroge alikuwa na mkono wa fundi. Mustang zake zilikata kona, Camaro zangu zilikwenda upande kama kaa. Kufikia msimu wa mvua nguzo yake ilikuwa imefika usawa wa dirisha na yangu ilikuwa kiunoni. Nikaamua kutengeneza Camaro kubwa kuliko gari lolote lililowahi kusukumwa Ruiru, yenye milango inayofunguka. Henga zilikuwa zimekwisha kambi nzima. Akina mama walikuwa wakitundika nguo kwenye misumari.

Basi nikaenda kwenye meza za kahawa. Ule wavu ulifungwa kwenye mbao kwa vipande vya waya laini, unaong'aa, usioshika kutu. Nilichukua kidogo huku, kidogo kule, mchana wa Jumapili watu wakiwa kanisani. Nilikuwa mwangalifu, niliruka kifungo kimoja, nikatoa kimoja. Nilijiambia meza haiwezi kujua.

Camaro kubwa ilipotoka, kambi ilisimama. Watoto saba waliagiza siku ile ile, na mpishi wa shule akahama upande. Njoroge aliinyanyua, akafungua mlango, akaufunga. Akapitisha kidole kwenye waya polepole, akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia mjomba ameuleta kutoka Thika. Akaitikia kwa kichwa na kuniambia waya wa Thika uko sawa. Sikuweza kumtazama.

Jumatano ikanyesha mvua ya mawe tukiwa darasani. Baba Njoroge alifunika meza zake kama siku zote, maji yakakusanyika juu ya nailoni, uzito ukazidi, na wavu wa meza mbili ukang'oka na kumwaga kahawa yote matopeni. Tulipotoka shule tulimkuta amepiga magoti kwenye tope, anaokota punje kwa punje, na meneja wa shamba amesimama juu yake na mwavuli. Meneja alikuwa ameona vifungo havipo. Alisema Baba Njoroge amekuwa akiwauzia watu waya. Mzee alijibu mara moja tu kwamba hakuuza, kisha akaendelea kuokota. Akaambiwa kazi imekwisha na nyumba aiache kabla ya Jumamosi.

Kwa hiyo nilikuwa na siku tatu. Nataka mjue kwamba nilielewa kila kitu, sikuwa mdogo kiasi hicho. Neno moja langu lingembakisha mtu kazini na rafiki yangu nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jioni ya Jumatano baba alisema mezani kwamba hakuwahi kudhani Mbugua ni mwizi, na ukanda wake ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango mbele ya macho yangu. Nikaomba ugali zaidi. Alhamisi nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa Baba Njoroge alikuja kwetu kutuaga, akasalimiana na baba, akakaa kidogo bila kunywa chai, na mimi nikajifanya nina homa. Mama aliwapa debe la viazi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi, nimejifunika blanketi.

Jumamosi pikapu ilikuja kuchukua kitanda, sufuria na familia nzima. Njoroge aliruka chini, akanijia na koleo tulilokuwa tukikatia waya, lililokuwa la baba yake. Akanitia mkononi.

"Shika," alisema. "Sasa soko ni yako."

Halafu wakaondoka kwenda Mwiki.

Mnaweza kudhani niliuza sana. Wale saba walioagiza hakuna aliyerudi kuuliza. Hakuna aliyetaka Camaro kama hakuna Mustang ya kuishinda. Watu wa Mustang walikaa wiki moja bila upande, kisha wote wakahamia mpira wa karatasi, na ile nguzo yangu ya makaa ilibaki kiunoni mpaka choo kilipopakwa chokaa. Camaro kubwa ilikaa mlangoni petu ikinyeshewa. Ule waya haukushika kutu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mwishowe niliitupa kwenye shimo la maganda ya kahawa.

Miaka ikapita, nikapata kazi Thika, nikavaa tai. Siku moja nilikuwa Mwiki kwa shughuli zangu, soli ya kiatu ikaachia, nikaelekezwa kwa fundi viatu chini ya mwavuli uliotoboka. Nilimtambua kabla hajainua kichwa. Viganja vilikuwa vile vile, vipana. Aliniuliza hali ya baba yangu, na nilipomwambia ameshatangulia, alisikitika kweli. Akashona soli bila haraka huku akimweleza mteja mwingine kwamba mimi na Njoroge wake tulikuwa mafundi wakubwa wa magari.

"Kamwana, ulipata kutengeneza ingine kubwa kama ile?" aliniuliza, akiniita kijana kwa Kikuyu kama zamani.

Nikamwambia hapana. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na alikuwa mbele yangu, peke yake, yule mteja akiwa ameshaondoka. Nikauliza bei. Akakataa pesa zangu, akasema huwezi kumtoza mtoto wa jirani. Nilitembea mpaka stendi na kile kiatu kizima nikiona haya kukanyaga nacho.

Mara ya pili niliyokwenda Mwiki ilikuwa kumzika. Njoroge alikuwa mtu mzima, ana mvi kunishinda. Watu walipoanza kutawanyika nilimvuta kando, nikamwambia kwamba ule waya niliutoa mimi. Nilimwambia kwa sentensi moja, baada ya miaka yote ile. Nilitegemea anipige, na ningefurahi.

"Mzee alijua," akasema. "Aliona hiyo Camaro hapo mlangoni kwenu, ile siku alikuja kuaga. Tulilia sana tukimwambia arudi kwa meneja aseme. Akakataa. Alisema wewe ni mtoto, babako atakuvunja mgongo na ule ukanda, na mtu mzima atapata kazi ingine."

Kisha akaenda kuwashughulikia wageni waliokuwa bado hawajala.

Lile shamba sasa ni nyumba za ghorofa. Palipokuwa na meza za kahawa kuna maegesho, na juzijuzi nilikuta Mustang ya kweli imeegeshwa pale, ya buluu. Nikaizunguka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Mtaani kwetu kila lango lina kamera. Mwezi uliopita mwanangu alivunja kioo cha gari la jirani kwa mpira, na kabla hajafika nyumbani mama yake alikuwa ameshaiona video. Aliomba msamaha, akanyang'anywa simu, akalia, na siku ya tatu alikuwa akicheka na jirani yule yule. Alilalamika kwamba siku hizi mtoto hawezi kufanya kitu bila kuonekana, na kwamba sisi zamani tulikuwa na raha.

Wazee wenzangu husema hivyo hivyo tukikutana, na mimi huitikia, kwa sababu githeri ile ilikuwa tamu na brikicho ile haitarudi. Lakini nilimtazama mwanangu akicheka pale getini nikamwonea wivu. Kama pale kwenye meza kungekuwa na kamera, ningechapwa Jumatatu, na Jumanne ningekuwa na Njoroge tukipanga henga. Sisi hatukuwa na kamera. Tulikuwa na Baba Njoroge, na yeye aliniona.