Shuka za Argia Penye Kona ya Kinu

Siku hizi magari hupita Kona ya Kinu yakinong'ona, na wanaoyaendesha hawajui wanapita mlangoni pa nani. Enzi zile, vita vimekwisha juzi tu na madaraja bado nusu nusu, mara moja kila mwaka mlima mzima ulitetemeka. Mbio za magari zilipita humu humu barabarani, mbele ya kuku na watoto, na Argia Montorsi alizijua kuliko makarani wa mbio na saa zao.

Mdogo wake, Nerio, alikuwa fundi wa malori kule bondeni. Gari lake la mbio alilitengeneza mwenyewe kama mtu aungaye viraka: chuma hiki cha jeshi, kile cha jalalani. Halikuwa na paa wala mkanda, na kofia yake ilikuwa kitambaa tu. Mwaka uliotangulia, daktari mmoja kijana aliyekuwa akishindana aliikosa kona ile akaingia korongoni. Argia ndiye aliyemfunika uso.

Kona yenyewe hujificha. Unateremka kutoka kileleni moja kwa moja, ukuta wa kinu cha kusagia unga umekuziba, huoni kitu ila kamba ya Argia ya kuanikia nguo, iliyo juu kidogo.

"Dada," Nerio alimwambia alipokuja kuijaribu njia, "nikiziona shuka zako ndipo nakanyaga breki. Kabla ya hapo ni woga, baada ya hapo ni jeneza."

"Basi usije ukawakodolea macho wasichana."

Asubuhi ya mbio Argia alianika mapema zile shuka nzito za kitani alizoolewa nazo. Mvua ikaanguka. Na mwanamke wa mlimani mvua ikianguka hafikiri, miguu hukimbia yenyewe. Argia alianua zote. Yuko jikoni anazikunja, anajisifu kwamba hazikulowa, mara akasikia magari ya kwanza yakinguruma kule juu. Shuka zikamponyoka.

"Nerio!"

Alitoka mbio, bunda kifuani. Jirani yake Elvezia, aliyejibanza mlangoni kutazama mbio, akaangua kicheko.

"Argia, mama wee, leo unaanika kwenye mvua?"

"Nazisuuza mara ya pili. Za kwako hata ya kwanza bado. Njoo ushike ncha hii!"

Elvezia akaja, bado anacheka. Alipouona uso wa mwenzake akashika kwa mikono miwili. Walikuwa wanaibana ya mwisho gari jekundu lilipochomoza kileleni, na ule mlio wa kukohoa Argia aliujua. Halikupunguza mwendo. Halikupunguza. Kisha breki zikalia, mkia ukapepesuka, gurudumu likalamba ukingo wa korongo, na gari likapita likimwogesha tope kichwa hadi miguu.

Jumapili iliyofuata Nerio alikuja kula.

"Dada, shuka ya katikati ina kiraka."

"Kiraka umekiona, nafasi ya maana mbioni ukashindwa kuishika!"

Mbio zile zilikuja kukatazwa, watu walikufa mno. Wenzake Nerio, aliokuwa akiwataja kwa majina ya utani, waliishia kwenye kuta na miti. Yeye alikufa mzee, kitandani nyumbani kwa dada yake, akilalamika kwamba supu haina chumvi. Majirani walipotaka kumfunika kwa shuka mpya ya dukani, Argia aliwanyang'anya, akaitoa ile yenye kiraka.

"Hii ndiyo anayoijua," alisema.