Sanduku Namba Nne

Bathsheba Nyarangi aliolewa Rongo kutoka Nyamira, akauza ndizi sokoni miaka kumi na tano, kisha siku moja mumewe Masese akamletea nyumbani chatu wawili ndani ya kreti ya soda. Siku hiyo alilia na kulala kwa dada yake. Leo anafuga chatu ishirini na watatu nyuma ya nyumba, kibali cha kuwafuga kimetundikwa juu ya mlango, na wanafunzi huja Jumatano kuwatazama. Mimi huwalisha na kuosha masanduku yao. Ni mwaka wa saba sasa.

Wale wawili wa kwanza walikuwa wa aina ndogo, ile inayojiviringa kama mpira ikiogopa. Dume hakuwa na mabaka mgongoni kama wenzake. Alikuwa na mstari mmoja mweupe toka shingoni hadi mkiani. Jike naye mbavu zake zilikuwa tupu, rangi ya asali, bila doa. Masese alitaka kupata chatu mmoja mwenye vyote viwili, mstari wa baba na mbavu za mama. Akawapandisha. Watoto walipoangulika, wote walikuwa wa kawaida, mabaka juu, mabaka ubavuni.

Jirani yetu Leonida, ambaye kwa Kijaluo humwita Bathsheba binti wa Kisii, alikuja kuwaona akacheka. "Nyar Kisii, mzee wako amepanda mahindi akavuna mtama."

Masese alimweleza kwamba sura hizo hujificha. Mtoto akipewa sura hiyo na mzazi mmoja tu, huibeba ndani bila kuionyesha. Ili ionekane lazima apewe na baba na apewe na mama. Basi hao watoto wa kawaida walelewe mpaka wakomae, kisha wapandishwe wao kwa wao. Katika mayai kumi na sita, labda moja lingetoa yule anayemtaka.

"Ndugu kwa ndugu?" Leonida akasema. "Kwetu hiyo ni chira. Laana hiyo itawakausha wote humu ndani."

Mwaka uliofuata Masese alikufa kwa ugonjwa wa figo. Leonida hakurudia maneno hayo tena.

Katika uzao ule Mama Bathsheba alibaki na dume mmoja na jike mmoja. Aliwalea miaka minne. Jike alikaa katika sanduku namba nne, na namba hiyo Mama aliiandika mwenyewe kwa rangi ya kucha.

Kosa langu lilitokea Ijumaa moja ya mwezi wa sita mwaka jana. Hapa kwetu ni Wasabato, kazi zote huisha kabla jua halijatua. Siku hiyo mvua ilinichelewesha kwa muda wa saa tatu. Kawaida mimi humtia kila chatu katika foronya yake wakati naosha sanduku lake, lakini foronya zilikuwa zimelowa kambani. Nikachukua moja kavu, nikawatia humo namba nne na namba saba pamoja. Namba saba alikuwa jike wa kununuliwa, ukubwa uleule, asiyebeba sura yoyote iliyojificha.

Nilipoifungua foronya, vichwa viwili vilinitazama, nami sikujua nani ni nani. Mabaka ya kila chatu yana tofauti yake, lakini miaka yote hiyo sikuwa nimeyatazama. Niliwajua kwa masanduku.

Mama alikuwa jikoni, akiimba, akifunika chakula cha Sabato. Nilisimama mlangoni.

"Orina, umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

Nikamtia mmoja katika nne na mwingine katika saba.

Mwezi wa tisa dume alipandishwa na yule wa namba nne. Januari tukamkuta dume amekufa kando ya bakuli la maji. Februari jike akataga mayai sita.

"Haya ndiyo ya mwisho, Orina," Mama aliniambia. "Hakuna mengine."

Tuliyaweka katika boksi jeupe la samaki lililotoka Homa Bay, na taa chini yake. Stima ikipotea, tulizungusha chupa za maji moto. Mama alikonda. Mimi nilishindwa kula. Kama mama wa mayai alikuwa namba saba, wote sita wangetoka na mabaka, na Mama angesema Masese alikosea hesabu. Angemlaumu marehemu, na mimi ningekuwa nimesimama hapo hapo na ndoo yangu.

Siku ya hamsini na saba mayai yalibonyea, dalili kwamba wako karibu kutoka. Ilikuwa Ijumaa. Nilimkuta Mama akichambua maharagwe.

"Mama, huenda namba nne si namba nne."

"Unasema nini?"

Nikamweleza. Aliendelea kutoa mawe mpaka ungo ukabaki safi.

"Mwezi wa sita," akasema.

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi nakumiminia chai."

"Ndiyo, Mama."

"Nenda ukaoshe masanduku. Jua halikungoji."

Siku ya Sabato boksi halikufunguliwa. Tuliporudi kutoka kanisani tulimkuta Leonida, ambaye ni Mkatoliki, akilizunguka.

"Mimi leo siku yangu ni ya kazi," alisema. "Nichungulie kidogo?"

"Kaa chini, Leonida," Mama akamwambia.

Akakaa.

Jumapili asubuhi Mama aliinua kifuniko. Watano walikuwa wameshatoka nje ya maganda. Wa kwanza alikuwa na mabaka. Wa pili vilevile, na wa tatu, na wa nne, na wa tano. Yai la sita lilikuwa limechanika, pua tu inaonekana. Mama hakunitazama.

Tulikaa pale hadi saa nne. Kisha yule wa sita akasogea, akatoa kichwa, akatoa shingo. Nyuma ya kichwa, pale mabaka yanapoanzia, palikuwa na mstari mweupe. Alizidi kutoka na mstari ukazidi kuja. Mbavu zake zilikuwa na mabaka, kwa hiyo hakuwa yule aliyetakiwa na Masese. Lakini namba saba asingeweza kumzaa huyu.

"Nne ni nne," Mama akasema, akajifuta macho kwa leso.

Ijumaa iliyofuata nilipoanza kuosha, alileta kigoda akakiweka mlangoni, foronya zote kavu zikiwa mapajani.

"Mmoja mmoja," akasema.

Mpaka leo huketi pale. Namtoa chatu, namwonyesha Mama mabaka ya shingo yake, naye hutaja namba. Tangu siku ile ya maharagwe chai najimiminia mwenyewe.