Maganda Aliyoleta Mjomba

Dada yangu ni mtaalamu wa mimea, na mtaani kwetu wanamwita Bi Majani. Yeye hakasiriki. Mimi ndiye ninayekasirika kwa niaba yake, maana mtu aliyesoma mpaka macho yakaomba miwani hastahili kuitwa jina la chakula cha mbuzi. Anafanya kazi katika hifadhi ya mimea mikavu, jengo lenye makabati ya chuma toka sakafuni hadi darini, na ndani ya makabati matawi yaliyokaushwa, kila moja limelala juu ya karatasi yake kama nguo iliyopigwa pasi. Mimi ni fundi cherehani. Kazi ikipungua dukani kwangu, dada huniita nikamshonee matawi kwenye karatasi, kwa sababu gundi peke yake haishiki mashina manene. Nashona, nalalamikia vumbi, naye ananiambia ninyamaze.

Mjomba ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki. Alikuwa dereva wa idara hiyo hiyo ya dada. Aliwapeleka wataalamu milimani mpaka wakamwambukiza ugonjwa wao, akawa hawezi kupita kichaka bila kukishika. Alipostaafu alibaki na gari lake dogo na kibanio cha mbao cha kukaushia mimea. Asubuhi alimpeleka binti yangu shule, na siku akijisikia alishika njia ya vilimani kwa raha zake.

Msimu mmoja wa mvua aliteremka na tawi la kichaka cha jamii ya mikunde, yaani ndugu wa kunde na maharage. Maua yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea, petali moja kubwa imesimama nyuma, nyingine ndogo zimejikunja mbele yake. Dada hakuwahi kuiona rangi hiyo. Lakini rangi haitoshi. Kuna kichaka kinachojulikana siku nyingi ambacho maua yake ni hayo hayo, ila yamepauka, na ganda lake ni fupi, lina manyoya, na ndani mna mbegu mbili tu. Bila kuona ganda, dada hakuweza kusema kama hiki cha Mjomba ni kipya au ni kile kile kimebadilisha nguo.

Kiangazi Mjomba akarudi mlimani. Akaja na vijiti vilivyopukutika majani, vimebeba maganda marefu, laini, yenye mbegu msururu. Siku hiyo dada alicheka mwenyewe jikoni mpaka nikamuuliza kama ameona mchumba. Akaandika maelezo ya spishi mpya, kuanzia mzizi hadi ncha ya jani, na katika ile lugha iliyokufa wanayoitumia kubatizia mimea akaipa jina la Mjomba. Jarida likakubali. Ilibaki michoro tu.

Wakati huo Mjomba alikuwa ameanza kusahau. Miwani tuliikuta kwenye friji. Hadithi aliyotusimulia mchana alitusimulia tena jioni, nasi tukasema ni uzee, nani asiyesahau. Lakini jina la kichaka hakulisahau. Alimwambia kinyozi, akamwambia muuza maji, akamwambia mpangaji wa nyumba ya pili ambaye hakuwa amesalimiana naye kwa miaka. "Mimi sasa ni mti," alisema, akijipiga kifua. Dada alikuwa na haraka moja tu: makala itoke Mjomba angali na akili ya kuifurahia. Hakulisema sana, ila sote tulijua.

Nilikuwepo siku mambo yalipoharibika. Nilikuwa nashona tawi mezani, dada yuko kwenye hadubini. Mchoraji alikuwa ameomba apasuliwe ua moja achore kilichomo ndani. Maua yalikuwa machache, kwa hiyo dada hakuwa amepasua hata moja. Sasa akachemsha ua moja kidogo likalainika, akalipasua kwa wembe. Katikati ya ua la mikunde kuna kifuko kidogo, na hicho ndicho kinachokua kuwa ganda. Alikitazama muda mrefu. Akapasua ua la pili. Kisha akavua miwani, akaishika mikononi.

"Njoo uhesabu," akaniambia.

"Nihesabu nini? Mimi najua vifungo tu."

"Hesabu hivyo hivyo kama vifungo."

Nikainama. Ndani ya kifuko chenye manyoya mlikuwa na vidoa viwili.

"Viwili," nikasema.

"Hivyo ndivyo vinavyokuwa mbegu. Vinaweza kupungua, haviwezi kuongezeka." Akasukuma mbele yangu ganda refu alilolipasua, na mbegu zake zimejipanga. "Hili halikutoka kwenye ua hili. Mjomba alichuma kichaka kingine."

Nikamuuliza kama kuna mwingine aliyeona. Akasema hakuna. Nikasema basi mrushie mchoraji ua lolote, kazi iishe. Sikuona aibu kulisema, na nilimaanisha. Yule mzee alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kujivunia, na mimi sikuwa tayari kukiona kinakufa kwa ajili ya vidoa viwili.

"Ganda ndilo lililonifanya niseme ni kipya," dada akasema. "Nikiliondoa, labda sina kitu. Labda ni kile kile cha siku zote."

"Labda ni kipya pia."

"Labda. Lakini sijui, na nimeandika kwamba najua. Nimelipachika jina lake juu ya kitu ambacho sijui."

"Usimwambie lakini."

"Lazima nimuulize alichuma wapi."

"Nakuapia, ukimwambia sikushonei tena hata jani."

Tulirudi nyumbani. Nilimchukia dada jioni ile, wacha niseme ukweli. Nilimwona ni mtu wa karatasi, anayeweza kumuumiza aliyemlea ili tu asifu unyoofu wake mwenyewe.

Mjomba alikuwa ukumbini anamenya chungwa. Nikaenda jikoni kupiga sufuria kelele, lakini ukuta wetu ni mwembamba, na dada hajui kunong'ona.

"Mjomba, yale maganda uliyachuma kwenye kichaka kile kile cha maua?"

Nikaacha sufuria nikasimama mlangoni. Mjomba alikuwa ameliweka chungwa chini, anaitazama mikono yake.

"Nilifika pale nikaona vichaka vyote ni kimoja," akasema. "Vimekauka, havina jani wala ua. Kile cha maua nilikuwa nimekifunga kitambaa kiwe alama. Nikatafuta kitambaa, halafu nikawa sikumbuki kama nilikifunga au nilitaka tu kukifunga. Nikakaa chini, mwanangu. Nililia kama mtoto. Nikaona haya kukurudia mikono mitupu, nikachuma vilivyokuwa karibu."

Dada alipiga magoti mbele yake. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mjomba wako amepotea akiwa amesimama mahali anapopajua?" Akageuka kunitazama mimi pale mlangoni, na nikaona anaogopa. "Na si mlimani tu. Asubuhi nikifika kwenye ile njia panda ya mnarani, kuna siku sijui nikate wapi. Namuuliza mtoto: leo nahodha ni wewe, tupite wapi? Yeye anadhani ni mchezo."

Binti yangu alikuwa amenisimulia mchezo huo. Nilicheka, nikamwambia ana bahati ya kuwa na babu mcheshi. Sasa nilishika fremu ya mlango. Yeye ana miaka saba, na barabara ile ina malori.

Hakuna aliyepaza sauti. Mjomba alitoa funguo mfukoni akaziweka mezani kando ya chungwa, akasema amechoka. Dada akamsindikiza chumbani. Alipotoka aliketi akaandikia jarida kwamba anaiondoa makala yake, maganda si ya kichaka hicho. Nilisimama nyuma yake nikimtazama akiandika. Kama angenisikiliza, tungesherehekea jina, na kesho yake asubuhi ningemfungia mtoto mkanda wa gari hilo hilo kama kawaida.

Lile tawi la maua limerudi kabatini, katika folda ya mimea isiyotambuliwa. Kiangazi kijacho dada atapanda mlima mwenyewe kutafuta maganda yake, na huenda ikawa ni spishi mpya, huenda isiwe. Mjomba bado anamwambia kinyozi kwamba yeye ni mti. Kinyozi tumemwomba aitikie.

Asubuhi iliyofuata jioni ile ya funguo, mimi ndiye niliyeshika usukani. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, na binti yangu kiti cha nyuma anachezea mkoba wake. Tulipokaribia njia panda ya mnarani sikumuuliza kitu, maana njia ile naijua tangu kabla hajazaliwa. Yeye akaacha mkoba, akasogea mbele mpaka mkanda ukamkaza, akayakazia macho malori.

"Kulia, mama," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kazi. "Usiogope. Mimi nipo."