Kuteremka Mlima wa Theluji Bila Kuachia Mafuta

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu huandika taratibu mno. Ukurasa mmoja hunimalizia jioni nzima. Lakini ninyi wenzangu wa kijiwe cha bodaboda pale Lushoto mliniomba niwaeleze habari za huku, nami nina safari ambayo nadhani mwendesha pikipiki ataielewa kuliko mtu mwingine.

Tangu nije London kuishi na mama, hapa Thamesmead, kazi yangu imekuwa kufagia ofisi. Si kazi mbaya, ila nilikuwa nimekumbuka usukani. Sasa kuna Otieno, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa amepanga chumba kwetu kabla hajahamia Uskoti. Yeye anafanya kazi kwenye mlima ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Akanipigia simu kwamba wanatafuta mtu wa kuendesha pikipiki ya theluji: kupandisha vyakula kwenye mgahawa wa juu na kuteremsha taka. Bosi angenipima siku mbili. Nikiweza kuteremka salama na mzigo, kazi ni yangu msimu mzima. Nikishindwa, narudi kwenye fagio.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinifungia chapati na kunivalisha sweta mbili, moja juu ya nyingine. Mdogo wangu Neema, aliyezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Nilipomuuliza kama nimependeza, akasema nafanana na godoro. Mama akamkemea, kisha naye akacheka.

Kutoka kituo cha King's Cross treni ilikwenda kaskazini mchana kutwa. Mwanzo ni nyumba, halafu mashamba na kondoo, halafu bahari upande wa kulia. Tulipoingia Uskoti milima ikaanza, na juu yake weupe. Mzee aliyekaa mbele yangu aliniuliza naenda wapi. Nikamwonyesha kwa kidole mlima uliokuwa dirishani. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Jioni Otieno alinipokea kituoni. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za kazi, za nyumbani, za afya.

"Wewe Mtanzania," akasema, "ukimaliza kusalimia tutakuwa tumeganda wote wawili. Ingia kwa gari."

Kesho yake nikakutana na bosi, mama mmoja wa makamo aitwaye Morag, mwenye mashavu mekundu na maneno machache. Nilimpenda palepale, maana hakunilazimisha kuongea. Alinionyesha mashine. Mbele ina miguu miwili kama mbao za kutelezea, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno unaosukuma theluji. Gia za kukanyaga hamna. Mafuta unasukuma kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, breki iko mkono wa kushoto. Kuna kamba unajifunga kiunoni. Ukianguka inachomoka na injini inazima. Kwenye tambarare nilizunguka mpaka Otieno akapiga mluzi. Niseme kweli, nilijiona fundi.

Kisha tukapanda mteremko wa kwanza. Morag akaniashiria niteremke.

Ninyi mnajua sisi tunavyoshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Kona ya kwanza tu unazima injini, unapiga fri, yaani unatoa gia, na pikipiki inateremka yenyewe. Petroli unayookoa ni chakula cha mchana. Mimi nimeshuka hivyo na abiria wawili na gunia la karoti. Basi hata sikufikiri. Mlima ulipoinama, kidole kikaachia mafuta chenyewe.

Kwa muda mfupi mashine ilikwenda polepole, injini ikiizuia. Halafu mlio ukafifia, nikasikia kitu kimelegea ndani, na ghafla hakuna kilichonizuia tena. Nikashika breki kwa nguvu zote. Mkanda wa nyuma ukasimama kabisa, lakini mashine haikusimama. Iliteleza, mkia ukaja upande, nami nikarushwa kwenye theluji hadi kifuani. Kamba ikachomoka. Injini ikazima.

Otieno akanifikia akihema. "Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa ni nani alikwambia uachilie mafuta?"

"Naokoa petroli."

Alikaa chini kwenye theluji akacheka mpaka machozi. "Haki ya nani. Petroli ni ya Morag, buda. Unamwokolea ya nini?"

Morag hakucheka. Alisema maneno machache, na Otieno akanitafsiria: kesho mchana nitateremka kutoka mgahawani na sleji ya taka nyuma, yaani tela la kuburuta lisilo na magurudumu, mara moja tu, naye atakuwa chini akiangalia.

Jioni hiyo Otieno alinieleza kwa kutumia mkanda wa suruali yake na vikombe viwili. Ndani ya mashine kuna mkanda unaounganisha injini na nyuma. Injini ikizunguka taratibu mno, mkanda unalegea, na mashine inakuwa fri hata kama hukutaka. Kwa hiyo mteremkoni unaacha mafuta kidogo sana, kiasi cha mkanda kushika, ndipo injini ikusaidie kuzuia. Breki unaigusa na kuiachia, unaigusa na kuiachia, usiikamate. Unakaa sehemu ya nyuma ya kiti, unanyoosha moja kwa moja chini, hukati mteremko kwa ubavu. Na kabla ya yote unasimama juu na kuangalia njia yote mpaka mwisho.

"Na ikianza kukimbia?" nikauliza.

"Ongeza mafuta kidogo ishike."

"Niongeze mafuta na huku nakimbia?"

"Ndiyo hapo watu wa bodaboda hushindwa," akasema. "Mimi pia nilianguka. Lakini mimi sikuwa naokoa petroli."

Siku ya pili nilisimama juu nikaangalia. Morag alikuwa nukta nyekundu kule chini. Nikajifunga kamba, nikarudi nyuma kwenye kiti, nikaanza. Sleji ilinisukuma mgongoni kama abiria mwenye haraka. Gusa, achia. Gusa, achia. Katikati, pale penye mwinamo mkali, nikasikia mlio unafifia tena, na mkono wa kushoto ukataka kukamata breki yote. Nikaukataza. Nikasukuma kidole gumba kidogo tu. Mashine ikaruka mbele kama inchi, halafu ikashika. Injini ikanguruma na kutuzuia wote, mimi na taka za watu. Kuanzia hapo nilishuka kwa mwendo wa mtu anayetembea na mkewe sokoni, mpaka nikasimama mbele ya Morag.

Alizunguka sleji, akakagua kamba, akaniangalia. "Jumatatu," akasema. Neno hilo nililielewa bila Otieno.

Nilirudi London kwa treni ileile kuchukua nguo zangu. Mama aliuliza kazi inahusu nini hasa. Nikamwambia ni kuteremka. Akasema kuteremka hata jiwe linajua. Nikamjibu ndiyo, ila jiwe halisimami linapotaka. Neema aliposikia hayo akacheka, na kwa mara ya kwanza akanijibu kwa Kiswahili: "Kweli."

Nilichojifunza ni kwamba mkono una mazoea yake, na mlima mwingine hauyajui mazoea hayo. Lazima umfundishe mkono upya. Na unafundishika.

Ukurasa umeisha na vidole vimechoka. Upande wa pili wa mlima kuna mteremko mkali zaidi ambao Morag hajaniruhusu bado. Basi niandikieni, hata kwa makosa kama yangu. Nani kati yenu amewahi kushuka Mombo na mzigo mzito bila kuzima injini, na alizuiaje kwenye zile kona? Nauliza kwa ajili ya kazi, si kwa mazungumzo tu. Nitasoma kila neno kabla sijaomba huo mteremko.