Kiwanja Kimya cha Malaba

Mwaka ule nilipiga makofi kwenye mashamba ya watu mpaka broka wa ardhi akaanza kunitilia shaka. Tukifika kwenye kiwanja, yeye anaeleza habari za maji na stima, mimi nasimama katikati, napiga kofi moja, nafumba macho, nasikiliza. Mpaka wa shamba hata sikuuliza. Nilitafuta kimya cha kujengea studio.

Nilikuwa na haraka kwa sababu ya shingo ya mama. Alikuwa na goita, na daktari alikuwa amepanga kumpasua baada ya miezi miwili. Alitwambia bila kuzunguka kwamba sauti inaweza kurudi ilivyokuwa, au isirudi. Na mama ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo matangani kwetu Bumala. Watu waliojikaza tangu asubuhi walikuwa wanalia akianza tu. Nyimbo zenyewe hazijaandikwa popote, anazo yeye kichwani.

Mimi kazi yangu ni kurekodi kwaya na bendi. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Busia mjini, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea milango. Nikaapa mama hataimba mle. Ataimba kwenye studio yangu, kwenye ardhi yangu, hata kama ni chumba kimoja cha matofali. Fundi alinihakikishia chumba kimoja ni kazi ya wiki tatu, mradi nimpe kiwanja.

Mama alinisikiliza, akauliza, "Hicho kimashine chako si kinabebeka? Kilete tu jikoni." Nikamwambia jikoni kuna kuku. Nilikuwa na kiburi, wacha nikiri.

Basi nikazunguka. Nambale nilipenda shamba moja sana, kumbe nyuma ya ua kuna kinu cha kusaga mahindi. Bumala kanisa la jirani lilikuwa limenunua spika mpya. Usingizi ukanipotea, chakula hakikunipendeza, na kila aliyenishauri nitulie nilimkasirikia. Nitulie vipi na siku zinakwisha?

Halafu tukafika Malaba, kwenye kipande cha shamba kilichoteremka nyuma ya barabara kuu. Nikapiga kofi. Kimya! Nikapiga tena, nikasikia panzi tu. Pale juu barabarani malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na madereva walikuwa wamekaa chini ya trela wakichemsha chai. Niliwaona kwa macho yangu. Nikawapungia hata mkono.

Kesho yake nikamleta mama, broka naye akiwepo. Nilitaka aimbe kidogo pale wazi nijue kuta zikae vipi, na nikawasha kinasa sauti ili nisikilize baadaye. Alisimama nyasini, mkoba kwapani, akafikiri. Sikumchagulia wimbo. Akaanza ule aliomzikia baba, ambao sikuwahi kumsikia akiuimba tena tangu siku ile. Ubeti wa kwanza nilisahau kabisa habari za kuta. Wa pili machozi yalinitoka.

Ubeti wa tatu, lori la kwanza likawashwa. Likafuata la pili, kisha mstari mzima, ukinguruma na kutema moshi. Mpakani walikuwa wameanza kuwaachia. Damu ikanipanda. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, nikamgeukia broka na kumfokea kwamba ameniuzia uongo.

Yeye hakufoka. Akasema, "Bosi, si wewe ni mtu wa hapa? Hujui foleni ikisimama wanazima injini?"

Nilijua. Nimekulia kwenye foleni hizo. Mtoto yeyote wa Busia anajua kimya cha malori yaliyokwama, na mimi nilikuwa karibu kukinunua. Aibu ikanifanya niongee zaidi. Nilipomaliza, nikamrudia mama, nikamwomba tuurudie wimbo malori yakishapita.

"Nimeshaimba," akasema. "Nimeufikisha mwisho. Wewe ulikuwa unaongea."

Sikubeba kinasa sauti kwenda jikoni hata baada ya hapo. Niliendelea kutafuta kiwanja, niko kasi kama mtu anayefukuzwa, nikijiambia zimebaki wiki nne. Hospitali ikapiga simu kwamba nafasi imepatikana mapema, mama aende Jumatatu.

Mama ni mzima, namshukuru Mungu. Anasalimia watu, anagombana na kuku wake, ila sauti imebaki ya mkwaruzo na haipandi. Matangani sasa anakaa na wengine, na anayeongoza ni mtu mwingine.

Studio ninayo, upande wa Nambale, mbali na kinu. Ukifunga mlango unasikia pumzi yako mwenyewe. Wimbo wa baba nimeuweka humo: beti mbili nzima, nusu ya tatu, malori yanaingia. Mama hanyamazi, anapandisha sauti juu ya ngurumo. Halafu, kabla tu sijabonyeza kitufe, nasikika mimi, karibu kabisa na maikrofoni: "Ngoja mama, tutarudia."