Cheni Mpya Juu ya Meno ya Zamani

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa akisimama chini ya ngazi ya magogo kuanzia asubuhi hadi jioni, na kilichozuia magogo yasimrudie mwilini ni cheni yangu. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu watu wakinisikia nikianza habari za cheni hudhani nazungumzia vyuma tu.

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha kupasua mbao za paina, njia ya kwenda Uwemba. Gogo liliwekwa chini, likapandishwa kwenye ngazi ya chuma mpaka kwenye meza ya msumeno. Mota ilizungusha giaboksi. Kwenye giaboksi kulikuwa na gurudumu la meno, na juu kwenye shafti ya ngazi gurudumu jingine kubwa zaidi. Kati ya hayo mawili ndipo ilipozunguka cheni, yenye inchi moja kutoka pini hadi pini. Ikikatika, shafti inaachia na gogo linarudi lilikotoka, maana breki haikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Yeye, na ndoano yake ndefu, alikuwa akiyaweka magogo sawa yasipande upande.

Tulikuwa na utani wa mashemeji, na utani wetu haukujua likizo. Alinitania msibani, alinitania kanisani kwenye mnada wa mavuno, alinitania mbele ya bosi. Akiniona na bisibisi atauliza leo naharibu nini. Mimi nami sikumwachia: nilimwambia upara wake umetokana na kufikiri mambo yasiyomhusu. Tulipendana sana, sioni aibu kulisema. Siku asiponitania nilikuwa namuuliza mke wangu kama mdogo wake anaumwa.

Basi cheni ya zamani ilipoanza kuruka meno, yeye ndiye aliyeisikia kwanza. Mzigo ukiwa mkubwa ilipiga kelele moja kavu, gogo likashtuka, kisha likaendelea kupanda. "Shemeji, cheni yako ina kwikwi," akasema. "Ipe maji." Kwa mwezi mzima ikawa ndiyo salamu yake. Nikakasirika, nikamwomba bosi ruhusa, nikapanda gari kwenda Makambako kununua mpya.

Muuza vipuri wa Makambako, mama mmoja mwenye miwani, alinihoji kuliko hakimu. Mota ina nguvu kiasi gani? Inazunguka polepole au kwa kasi? Mzigo unapanda taratibu au unashtua? Hapo nilijibu vizuri. Kisha akauliza, "Na meno yako yakoje? Umekuja nayo?" Nikamwambia meno ni mazima, nimeyaona kwa macho yangu. Akasema cheni iliyovutika hula meno, na meno yaliyoliwa huivuta cheni mpya, kwa hiyo vitu hivyo hubadilishwa pamoja. Khaa! Nikaona huyu anataka tu kuniuzia zaidi. Nikachukua cheni peke yake, nikaondoka.

Meno hayakuwa mazima. Yalikuwa yamechongoka na kupinda upande mmoja kama kucha za kuku, na mimi nilikuwa nayaona kila siku, kwa hiyo nikawa nimeyazoea. Nikaivika cheni mpya juu yake. Nikaipaka oili chafu ya trekta, ile ile tunayopaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, kwa sababu huku kwetu oili chafu hutibu kila kitu. Unga wa mbao ukaja ukaganda juu yake. Kwa nje ilionekana imelowa vizuri. Ndani, kwenye pini, ambako ndiko cheni inakosagika, hakikuingia kitu, hasa asubuhi za baridi oili inapokuwa nzito kama uji uliolala.

Baada ya miezi minne ikalegea. Nikatoa pingili mbili, ikawa fupi mno, haifiki. Nikaongeza ile nusu pingili iliyopinda, inayowekwa pale cheni inapokataa kukutana. Kila fundi anajua hapo ndipo penye udhaifu. Nilijua, nikajiambia ni ya wiki mbili tu.

Shemeji akapata chakula kipya cha utani wake. "Umemvalisha bibi kizee gauni la harusi," aliwaambia wenzake, "sasa mnamshangaa kwamba hatembei!" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka, lakini iliniuma, maana ile cheni niliipigania mwenyewe kwa bosi. Kila alipoitaja nikaona ananichokoza. Sikuwa nikisikia tena habari ya cheni, nilikuwa nikimsikia yeye tu.

Asubuhi moja ya ukungu akaja kwenye meza yangu, akavua kofia. "Fundi," akasema. Hakusema shemeji. "Cheni ile leo siiamini. Imeruka mara tatu kabla ya chai. Leo sitanii."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mkavu, lakini uso wake ulikuwa mkavu kila alipotaka kuninasa kwa utani. Ndivyo alivyokuwa hodari. Nikacheka, bwana. Nikamwambia, "Hata hilo la kusema hutanii ni utani, nimeshakushtukia." Wenzake wakapiga makofi kwamba leo kapatikana. Alisimama kidogo na kofia mkononi, kisha akaivaa akarudi kwenye ngazi. Angeweza kukataa kazi, wengine walimwambia hivyo baadaye. Lakini mtu aliyechekwa na watu wote anakataaje kazi?

Ilikatika kabla ya saa sita, kwenye ile nusu pingili. Gogo lilikuwa karibu na juu. Nilisikia mlio, kisha kelele za watu, na nilipofika lilikuwa limemlalia mguu chini ya goti. Tukaliinua watu sita. Hospitali walijitahidi siku nne, siku ya tano wakaukata.

Mke wangu alikaa nami kwenye benchi la nje siku hiyo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hakukwambia kwamba cheni ni mbovu?"

"Aliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nilicheka."

Hakuuliza tena, mpaka leo.

Niliokota ile cheni nikaipima. Pingili kumi na mbili zinatakiwa ziwe futi moja kamili. Ikizidi robo inchi ni ya kutupwa. Yangu ilizidi karibu nusu inchi. Ni kipimo cha dakika mbili, na tepu ilikuwa mfukoni mwangu miezi yote ile.

Siku hizi nabadilisha cheni na meno yake pamoja. Nazima swichi, naondoka na ufunguo, naosha cheni kwa dizeli, kisha nadondosha oili nyepesi upande wa ndani, kwenye maungio, taratibu. Sikazi mpaka ilie. Naiacha icheze upana wa vidole viwili. Shafti ina kizuizi, gogo haliwezi kurudi. Na mtu yeyote akiniambia haiamini cheni, hata mlevi, nazima mota kwanza. Wananiita mwoga. Waniite tu.

Shemeji alihamia Makambako, anauza viazi vya jumla karibu na stendi. Mara ya kwanza kwenda kumsalimia nilijiandaa njia nzima. Nilijua atanirarua, na nilitaka anirarue. Nilikuwa nimetunga hata majibu. Nikamkuta kwenye kiti chake, magongo pembeni, anahesabu magunia. Nikaanza mimi: "Mzee wa upara, viazi hivi umevilima au umeviiba?"

Akainua macho. Tangu nimwoe dada yake hajawahi kuniamkia kwa heshima hata siku moja, mtani haamkii. Akajisogeza kwenye kiti, akanipa mkono.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Nikaitikia marahaba.